Kabla Hujampa Kijana Rungu

Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa mkoani Tabora, fedha huingia vijijini, na wezi huzifuata. Maduka huvunjwa usiku, pikipiki hupotea uani, na huko Igunga na Nzega mfugaji huamka akakuta zizi liko wazi. Mkutano wa kijiji huitishwa, na azimio hupita bila mtu kulipinga: vijana walinde. Majina huandikwa papo hapo, filimbi na tochi hununuliwa kwa michango, marungu huchongwa, na pengine usiku uleule doria huanza. Kati ya maazimio yote ya kijiji, hili ndilo hutekelezwa kwa haraka kuliko yote, na ndilo linaloweza kuleta msiba mapema kuliko yote.

Ninawaandikia wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, makamanda wa sungusungu, na wazazi wa vijana hao. Nina jambo moja la kuwaomba: mafunzo ya mlinzi wa kujitolea yaanzie pale nguvu inapopaswa kukoma. Kijana yeyote wa shamba anajua kurusha fimbo. Asichokijua, mpaka afundishwe na akizoee, ni kuishusha fimbo hiyo wakati damu bado inachemka.

Sungusungu ni mali ya watu wa huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, maisha yalikuwa magumu, bunduki zilikuwa mikononi mwa wahalifu, na wizi wa ng'ombe uliwaelemea Wasukuma na Wanyamwezi wa pande za Kahama, Nzega na Igunga. Polisi walikuwa wachache na vituo vilikuwa mbali. Watu wakajipanga wenyewe, kila kijiji na mtemi wake, katibu wake na makamanda wake. Mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa, kila mwenye nguvu alitoka na upinde, na kijiji cha mbele kilikuwa kimeshaziba njia. Ng'ombe walirudi zizini. Viongozi wa nchi wakausifu mpango huo, na mwaka 1989 Bunge likabadili sheria za mgambo ili sungusungu nao wapate mamlaka ya kukamata, kama ya askari polisi aliye chini ya cheo cha koplo.

Lakini katika miaka hiyohiyo watu walipigwa hadi kufa kwa tuhuma tupu, vikongwe wenye macho mekundu walifukuzwa vijijini kwa jina la uchawi, na baadhi ya walinzi waliosifiwa mkutanoni wakajikuta kizimbani kwa kesi za mauaji. Nayasema haya kwa kuwa nawaheshimu walinzi hao. Mamlaka yao yaliwekwa kwenye sheria. Mafunzo yao, katika vijiji vingi, yaliachwa yajitokeze yenyewe.

Wala tusidhani kwamba sare na mshahara vinatosha. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ilifanyika operesheni ya kuwasaka watu waliotuhumiwa kwa mauaji. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa maofisa wa serikali. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ingawa yeye mwenyewe hakuwa amemgusa mtu. Sungusungu walipopewa mamlaka yao mwaka 1989, Rais wa nchi alikuwa Mwinyi huyohuyo. Maofisa wale wa 1976 walikuwa watu wa kazi, wenye wakubwa wa kuwasimamia. Ikiwa wao walifika pale, tumtazame upya kijana wa miaka ishirini na mbili aliyekabidhiwa rungu jana jioni, ambaye ng'ombe walioibwa ni wa baba yake mdogo.

Basi tuanze na uteuzi. Usiwachague kwa vifua. Anayegombana kilabuni usimchukue hata akiwa shujaa, kwa sababu usiku hatakuwa na mtu wa kumshika mkono. Mwenye kesi ya mpaka wa shamba na nusu ya kitongoji naye asubiri mpaka kesi iishe. Watafute waliotulia, wasiokunywa zamu yao ikifika, wanaoweza kutukanwa wakanyamaza. Waingizeni na wanawake: wapo watuhumiwa wanawake, wapo watoto wanaokutwa usiku, na mwanamke hapekuliwi na mwanamume. Majina yote yaandikwe ofisi ya kijiji, nakala ipelekwe kwa Polisi Kata na kituoni. Kikundi kisichojulikana na polisi, siku ya tatizo kitahesabiwa kuwa genge.

Walimu mnao, hata kama hamjawahi kuwaita. Kila wilaya ina mshauri wa mgambo, na mafunzo ya Jeshi la Akiba yanayoendeshwa chini yake hugusa kwata, silaha ndogondogo, huduma ya kwanza na sheria. Kijiji kikiwa na vijana waliopitia mafunzo hayo, hao ndio wawe nguzo ya doria. Polisi Kata aje afundishe ukamataji. Mganga wa zahanati aje afundishe pumzi, damu na kifafa. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, akialikwa kwa barua ya heshima, anaweza kukaa nanyi asubuhi moja akaeleza kesi hufaulu kwa nini na huanguka kwa nini. Asubuhi hiyo moja itawafaa kuliko marungu hamsini.

Sheria yenyewe si ndefu kuielewa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamwambia askari, na mtu mwingine yeyote anayemkamata mwenzake, kwamba asitumie nguvu wala asimdhalilishe mtu kupita kiasi kinachohitajika kumkamata au kumzuia asitoroke. Angalieni hayo maneno ya mtu mwingine yeyote: yanamgusa sungusungu, mgambo wa manispaa, mlinzi wa ulinzi shirikishi, hata mwenye duka. Sheria hiyohiyo inataka anayekamatwa aambiwe kosa lake, atendewe kwa utu, na akabidhiwe polisi bila kuchelewa. Katiba, ibara ya 13, inamhesabu kuwa hana kosa mpaka mahakama iseme, na inakataza mateso. Kujitetea kunaruhusiwa: mtu akikujia na panga, una haki ya kuokoa maisha yako na ya mwenzako. Lakini panga likishaanguka chini na mtu ameshikwa mikono, haki hiyo imekwisha. Fimbo ya baada ya hapo ni kosa la jinai, na anayeipiga ni mtuhumiwa mpya.

Hapo ndipo vijana wetu wengi hupotelea. Dakika za hatari kuliko zote ni zile chache baada ya mbio. Mlinzi amekimbia kilomita mbili gizani kwenye miombo, moyo unadunda, ana woga na hasira kwa pamoja, na sasa mtu aliyemkimbiza amelala miguuni pake. Mwili wake unataka kupiga, na kelele za wenzake zinaukubalia. Maneno ya semina hayatoshi kuuzuia mwili huo, unahitaji mazoea. Kwa hiyo wekeni kanuni hii na mwifanyie mazoezi: aliyemkimbiza mtu si yeye atakayemfunga, wala kumpekua, wala kumuuliza. Akimfikia, amzuie tu, kisha wawili waliokuja nyuma, ambao pumzi zao zimetulia, wampokee. Yeye arudi nyuma akae chini anywe maji.

Zoezi lake ni rahisi. Siku ya Jumapili, uwanja wa shule, kijana mmoja awe mwizi, mwingine amkimbize kwa nguvu zake zote. Kamanda ashike filimbi. Ikilia, kila fimbo ishuke na kila mguu usimame, hata kama mwizi wa mazoezi anatukana matusi ya nguoni. Rudieni mpaka filimbi iwashike vijana mwilini, wasimame kabla hawajafikiri. Anayeshindwa kusimama mara kwa mara apewe kazi ya kulinda ofisi. Mbio si zake. Katika mazoezi hayohayo gaweni kazi: mmoja tu ndiye anayesema na mtuhumiwa, wawili wanashika mikono, wa nne anamulika na kuandika, waliobaki wanawazuia watu wasisogee. Watu sita wakipiga kelele sita, mtuhumiwa hajui amtii nani, na kusitasita kwake huonekana kuwa ubishi.

Maneno nayo yafundishwe. Kijana aseme kwa sauti inayosikika: "Sisi ni walinzi wa kijiji. Kaka, simama hapo, nionyeshe mikono. Unakamatwa kwa tuhuma ya kuvunja duka, tunakupeleka polisi." Akiwa mtu mzima, aanze na "Shikamoo mzee," hata kama mzee huyo amekutwa na ng'ombe wa watu. Kuna watakaoona hili ni kulea wezi. Mimi naona mtu aliyesalimiwa hupunguza vita, na aliyesalimia hupata nafasi ya kuvuta pumzi kabla mkono haujatangulia.

Rungu, likilazimika kutumika dhidi ya mtu anayeshambulia, lina mahali pake. Walimu wa polisi hufundisha kwamba kirungu hulenga misuli minene: paja, shavu la mguu, mkono unaoshika silaha. Kichwa, shingo, uti wa mgongo, figo na sehemu za siri ni mwiko, kwa sababu pigo moja hapo linaweza kuua au kulemaza. Mishale na mapanga yasihesabiwe kabisa kuwa zana za kukamatia. Na wezi wakiwa na bunduki msiwafuate porini. Zingireni njia kwa mbali, pigeni simu 112 au namba ya mkuu wa kituo ambayo kila mlinzi awe nayo, na hesabuni ng'ombe asubuhi. Ng'ombe hulipika, mtoto wa mtu halipiki.

Kuhusu kufunga kamba naomba tukae kidogo, maana ndiko watu wanakofia bila mtu kukusudia. Desturi ya kumfunga mtu mikono na miguu kwa pamoja nyuma ya mgongo, kisha kumlaza kifudifudi na mtu kumkalia juu, huzuia kifua kupanuka. Mtu huyo huzimika polepole, na mahangaiko yake ya kutafuta hewa hudhaniwa kuwa anataka kutoroka, kwa hiyo hukandamizwa zaidi. Dunia nzima iliona jambo hilo tarehe 25 Mei 2020 mjini Minneapolis, Marekani, George Floyd alipokandamizwa shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa, na askari aliyekuwa na miaka mingi kazini. Kabari ya shingo nayo iwe marufuku kijijini kwenu, na tanganyika jeki, yaani kumnyanyua mtu kwa kiuno cha suruali, vilevile, kwa kuwa lengo lake ni kumwaibisha mtu.

Fungeni vifundo vya mikono tu, kwa kamba pana au kitambaa, na vidole viwili viweze kupita kati ya kamba na ngozi. Kamba ikikazwa kwenye viwiko kwa saa nyingi huua mishipa, na wapo waliopoteza mikono kwa wizi wa kuku. Mketisheni, au mlazeni ubavu. Mtu mmoja abaki kazini kumtazama anavyopumua. Akisema hawezi kupumua, aaminiwe palepale. Anayeyumba na kuropoka huenda si mlevi: huenda sukari imeshuka, ana kifafa, ana homa kali ya malaria, au ni mgonjwa wa akili aliyetoka nyumbani bila ndugu zake kujua. Mganga wa zahanati awafundishe dalili hizi. Aliyeumia, awe mwizi au mlinzi, apate matibabu mapema pamoja na fomu ya PF3. Kumficha majeruhi ofisini mpaka uvimbe upungue ni hatari kwake, na ni ushahidi dhidi yenu.

Kisha kuna umati. Mara nyingi vijana wa doria hawapigi. Wanasimama pembeni huku wananchi wenye hasira wakimaliza kazi. Mbele ya sheria kusimama huko si salama, maana mahakama huweza kuangalia nia ya pamoja. Mbele ya Mungu sina haja ya kusema. Mtuhumiwa akishakuwa mikononi mwenu, uhai wake ni dhamana yenu. Mzungukeni mkiwa mmempa migongo, nyuso zenu ziwaelekee watu. Mwingizeni kwenye jengo la matofali lililo karibu, iwe darasa, zahanati au ofisi, mfunge mlango. Mzee anayeheshimika au shehe au padri atafutwe azungumze na watu huku simu ikipigwa kituoni. Mpango huu upangwe mchana, kila mtu ajue jengo ni lipi na ufunguo anao nani.

Akishatulia, msimuulize kwa fimbo. Najua hoja inayotolewa: asipopigwa hatataja wenzake. Mtu anayepigwa hutaja jina lolote, hata la jirani asiye na hatia, ili fimbo ikome, na kesho mnamfuata huyo jirani. Zaidi ya hapo, ungamo lililopatikana kwa kipigo huangushwa mahakamani, na mwizi wa kweli hurudi kijijini kabla mahindi hayajakauka. Kinachomfunga mwizi ni ng'ombe mwenye chapa inayotambulika, mwenye mali anayeweza kuitambua, saa na mahali vilivyoandikwa, na mali iliyokamatwa ikakabidhiwa polisi ilivyo bila kugawanywa. Mlinzi mwenye daftari zuri amewafunga wezi wengi kuliko mwenye mkono mzito.

Na viboko vya kijiji viishe. Mtu mzima hachapwi ila kwa amri ya mahakama. Kumlaza mtu mbele ya mkutano na kumchapa si mila ya mababu kama tunavyopenda kusema. Wazee wa zamani walisimulia hamsa ishirini, viboko ishirini na tano vya boma la Mjerumani, kama fedheha ya kutawaliwa. Sioni kwa nini tuirithi.

Fedha ni jambo gumu zaidi. Mlinzi wa kujitolea anakesha, kesho ana shamba la kulima. Kijiji kisipomtunza, atajitunza mwenyewe kwa faini za watuhumiwa. Njia ya misafara iliyopita huku kwetu, kutoka Bagamoyo kupita Unyanyembe hadi Ujiji, inalijua jambo hilo tangu zamani. Ruga-ruga, wapiganaji wa Mirambo, mtawala wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, walikuwa vijana hodari, lakini malipo yao yalitoka kwenye nyara, na askari anayekula nyara huhitaji vita visiishe. Leo kikundi kinachopiga faini ya mbuzi au laki moja, kisha kuila, kitawakamata watu wengi zaidi kila mwezi, na wenye ng'ombe wengi ndio watakaotuhumiwa kwanza. Mlinzi asitoze chochote. Michango ipitishwe na mkutano mkuu, ipokewe kwa risiti, isomwe hadharani, na sehemu yake inunue viatu, tochi, makoti ya mvua na bima ya afya ya walinzi. Kijana aliyeumizwa na jambazi akiachwa kitandani bila dawa, wenzake watajifunza ukatili au watajifunza kutotoka.

Kuna kazi ambazo hazimhusu kabisa mwenye rungu. Uchawi ni mojawapo. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, na walinzi wanaowasindikiza lambalamba au kamchape, wanaojidai kufichua wachawi, nyumba kwa nyumba wanashiriki kosa hilo. Kikongwe akiuawa baada ya hapo, wameshiriki msiba wake. Ugomvi wa mume na mke, watu wakiwa wametengana na hakuna anayeumizwa, upelekwe dawati la jinsia polisi au kwa wazee. Madeni ni ya mahakama. Na ninyi mgambo wa mjini Tabora, mama anayepanga ndizi chini pasiporuhusiwa ametenda kosa la sheria ndogo. Halina ukubwa wa kumkimbiza mtu barabarani kati ya bodaboda, wala wa kumwaga sufuria la mama lishe. Mwandikie, mwite, mpeleke ofisini. Nguvu ifanane na kosa.

Baada ya kila tukio, keti na vijana wako kesho yake mchana. Daftari lisomwe: nani alimkamata nani, saa ngapi, nguvu gani ilitumika, kwa sababu gani, majeraha gani, na alikabidhiwa kwa askari gani. Asiyeandika fimbo yake huyo ndiye wa kuulizwa kwanza. Mwananchi mwenye malalamiko apewe nafasi ya kuyasema bila kutishwa, na mkosaji aondolewe kwenye orodha na jina lake lipelekwe polisi, hata akiwa mpwa wa mwenyekiti. Ikishindikana kijijini, kuna mkuu wa polisi wa wilaya, na kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mzazi wa aliyepigwa asiambiwe ayamalize nyumbani.

Mafunzo yenyewe yarudiwe kila mwaka, kabla ya masoko ya tumbaku. Vijana huondoka, wapya huingia, na mazoea ya filimbi hufifia yasipotumika.

Mwenyekiti, kama doria yako ilianza bila haya, huna haja ya kuivunja. Mwandikie Polisi Kata wiki hii, umwombe siku. Mpaka atakapokuja, vijana wako watoke na filimbi, tochi, simu na daftari, na marungu yabaki yamefungiwa ofisi ya kijiji.